Mpini wa Kisu na Pembe Tunazozitupa

Kila Idi ya kuchinja ikipita, pembe za ng'ombe huonekana zimezagaa majaani katika mitaa yetu ya Pwani. Nyama imegawanywa, ngozi imetolewa, pembe ndizo zisizo mwenyewe. Na visu tulivyochinjia? Vina mipini ya plastiki iliyopasuka, imezongwazongwa kwa mpira. Je, si jambo la kutia haya?

Wahenga walinena kuwa shoka lisilo mpini halichanji kuni. Sisi tumeamrishwa kunoa kisu ili mnyama asiteseke. Lakini makali yana faida gani ikiwa kisu chenyewe chateleza mkononi?

Kazi hii si ya ajabu. Pembe ya ng'ombe ni ganda lililovaa mfupa. Huchemshwa mpaka ganda liachane na mfupa, nao ukachomolewa. Ncha yake haina uwazi, hivyo hutobolewa na mkia wa kisu ukatiwa humo. Sehemu yenye uwazi hupasuliwa kwa msumeno, ikalainishwa katika maji ya moto, kisha ikabanwa baina ya mbao mbili hadi ipoe, ikawa bapa. Hapa pataka subira: isipokauka barabara, hujikunja na kupasuka. Baadaye hupigwa tupa na msasa, ikang'arishwa kwa jivu laini. Fundi na azibe pua, kwani vumbi lake hudhuru kifua.

Huko Ulaya hupendwa mipini ya pembe za kulungu wao, zile zenye matawi. Hizo ni mfupa mtupu, na mnyama huziangusha kila mwaka zikaota nyingine. Mtu aweza kuziokota msituni bila ya kuua. Swala wetu haangushi pembe zake, na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Basi ng'ombe ndiye wetu.

Wako watakaosema kuwa pembe ya ng'ombe ni kitu duni. Na wakumbuke jambia la Yemen. Katika miaka ya 1970, Wayemeni wengi walipopata fedha kwa kazi za Saudia, kila mwenye uwezo alitaka mpini wa pembe ya kifaru. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, lakini magendo hayakukoma. Vifaru weusi wa Kenya, waliokaribia 20,000 mwaka 1970, hawakufika 400 ilipofika 1990. Si jambia peke yake lililowamaliza, kwani dawa za Mashariki ya Mbali nazo zilichangia. Lakini fahari ya mpini ina sehemu yake katika dhambi hiyo. Leo majambia mengi ya huko yana mipini ya pembe za nyati wa kufugwa, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Rai yangu ni hii. Wachinjaji wasizitupe pembe, bali wawape mafundi wa visu na seremala. Wazee wanaoijua kazi hii wawafundishe vijana wanaokaa barazani bila ya shughuli. Ng'ombe tuliyemchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu hastahili kutupwa hata sehemu yake moja yenye manufaa. Idi ijayo, kabla hujaitupa ile pembe, kitazame kwanza kisu chako.