Bima inayokatika kabla ya mahafali

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF),
Dodoma.



Mwanafunzi wa chuo nchini amekuwa akiulipa Mfuko wako shilingi 50,400 kwa mwaka. Ukizigawa kwa miezi 12 ni 4,200 kwa mwezi, pesa isiyofika hata nusu ya bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) la siku moja. Kwa bei hiyo, mwenye kutaka kulalamika inabidi atafute la kusema. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, imekuwa rahisi zaidi, sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, lakini rufaa yake huishia hospitali ya mkoa.

Thamani ya kadi ya NHIF anaijua zaidi mwanafunzi aliyekwenda fildi. Chuo chake kiko Dar es Salaam, malaria imemkuta Tunduru. Zahanati ya chuo haimsaidii kitu hapo; kinachomsaidia ni kadi inayopokelewa hospitali ya wilaya. Hilo Mfuko umelifanya vizuri, na lisemwe.

Tabu iko anapoingia chuoni na anapotoka.

Anapoingia, kuna fomu, picha, namba ya kumbukumbu ya malipo na foleni ya dirishani, yote wiki ileile ya usajili. Anayesoma kwa mkopo huwa hana kitu mfukoni, maana bumu halitoki mpaka awe amesajiliwa na kusaini. Bodi ya Mikopo inakopesha ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Bima haimo. Kwa hiyo wapo wanaokopa kwa mwenzao wa chumbani, na wapo wanaosema "nitalipa bumu likitoka", kisha likitoka linaliwa na madeni ya mama ntilie. Kwa bumu la sh 10,000 kwa siku, bima ya mwaka mzima ni kama siku tano tu. Mfuko na Bodi, taasisi mbili za Serikali moja, zingeshindwa nini kukubaliana pesa hiyo ihamishwe moja kwa moja kutoka Bodi kwenda Mfuko kwa niaba ya mkopaji anayeridhia?

Anapotoka ndipo pabaya zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho humaliza mitihani katikati ya mwaka, na vyuo vingi hufanya mahafali kati ya Oktoba na Desemba. Bima yake imefungwa kwenye mwaka wa masomo. Siku anapovaa joho na ndugu wakamvisha mashada, mara nyingi hana bima, na kazi bado hana. Kuanzia hapo anahesabiwa kama mtu binafsi. Mfuko ulipozindua vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza Afya mwaka 2019, cha chini kabisa kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 kilikuwa sh 192,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu mara nne ya alichokuwa akilipa akiwa chuoni, tena sasa hana hata bumu.

Wenzetu wamelitazama jambo hili kwa umri. Sheria ya bima ya afya ya Kenya ya mwaka 2023 inamruhusu mwanafunzi wa muda wote asiye na kipato kubaki chini ya mzazi mchangiaji hadi afike miaka 25. Marekani, ambako matibabu ni ghali kupindukia, tangu sheria ya 2010 kijana hubaki kwenye bima ya mzazi hadi miaka 26, awe anasoma au amemaliza. Kwetu njia hiyo ingewaacha nje watoto wa wakulima na wamachinga, ambao wazazi wao hawana kadi ya kuwabeba. Kinachotufaa ni kurefusha kadi ya mwanafunzi mwenyewe.

Mfuko utauliza kuhusu hasara. Uliwahi kuumia kwa Toto Afya Kadi, pale wazazi wengi waliposubiri mtoto augue ndipo wamsajili, hata mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa. Wanafunzi wa vyuo ni kinyume chake: huingia kwa makundi, hulipa mwaka mzima mapema, na wengi ni vijana wasiougua sana.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kanuni zake huweza kurekebishwa. Wanaohitimu wanaomba miezi sita baada ya mtihani wa mwisho, kwa kiwango kilekile cha mwanafunzi, wakilipia nusu mwaka: sh 25,200.