Gari Likiinuliwa, Amana Nayo Huinuka



Msimu wa mvua ukikaribia, nyua nyingi za Pwani yetu hugeuka karakana. Land Cruiser ya zamani, au Land Rover iliyorithiwa kwa marehemu baba, huinuliwa kwa jeki chini ya mwembe, na vijana wa nyumba hukusanyika na spana zao. Aghalabu magari haya hayakununuliwa kwa fahari. Ndiyo yafikayo vijiji vya Ganze na Magarini udongo unapolainika, na ndiyo yavukayo matope ya bonde la Tana wakati mengine yamekwama. Jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane, au jeneza likihitajika kufikishwa kijijini kabla ya Magharibi, mlango unaobishwa ni wa mwenye gari kama hilo.

Kwa ajili hiyo twaona yafaa juma hili tuizungumzie kazi ya kulitengeneza na kulibadilisha gari la njia mbovu nyumbani. Kauli yetu ni moja: gari libebalo roho za watu ni amana, na mwenyewe hana ruhusa ya kulitenda apendavyo kwa kuwa tu limeandikishwa kwa jina lake.

Jambo la kwanza ni kutengeneza kabla ya kubadilisha. Magari haya yameundwa kwa mwili uliopandishwa juu ya chesisi, mfano wa nyumba juu ya msingi wake. Hewa yetu ya chumvi huanza kuila chesisi hiyo mahali pasipoonekana: ndani ya mikunjo yake, na pale zinaposhikiliwa springi. Igongeni kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyozimika, na pengine hubonyea. Rangi mpya juu ya kutu haitengenezi kitu, ila humficha adui. Vilevile, gari likisha kuvuka maji mengi, ifungueni difu muitazame oili yake. Ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na oili hiyo haina budi kumwagwa na kutiwa nyingine kabla meno hayajasagika.

Ama kuhusu kubadilisha, wengi hupenda kuliinua gari kwa springi ndefu na kulivisha magurudumu makubwa. Faida yake haikanushiki, kwani tumbo la gari huepuka mawe na maji. Lakini hakuna kinachoinuka peke yake. Gari likipanda inchi 2 au 3, mipira ya breki hunyooka, na ikiwa mifupi yaweza kukatika gurudumu linapodidimia shimoni. Shafti ya propela hubadili pembe yake, na viungo vyake huchakaa upesi. Taa za mbele nazo, zisiporekebishwa, humulika macho ya dereva ajaye badala ya barabara. Zaidi ya hayo, uzito wa gari huwa juu zaidi, na kile kikingo lililokuwa likikimudu kwa mwendo fulani jana, leo laweza kupinduka kwacho.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Mwenye kuondoa tairi ya kimo cha inchi 31 na kutia ya inchi 33, mshale wa mwendo ukimwambia anakwenda kilomita 80 kwa saa, kwa hakika yuko kwenye 85. Tairi hiyo ni nzito zaidi, na breki ni zile zile. Ukiongeza juu ya paa madumu matano ya maji ya lita 20, umepandisha kilo 100 mahali pabaya kuliko pote. Mzigo mzito na ukae chini, katikati ya magurudumu. Juu ya paa viwekwe vilivyo vyepesi.

Twasisitiza pia usalama wa uani penyewe. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Litulizwe juu ya stendi za chuma, kwenye ardhi ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa magogo. Matofali ya saruji na mawe ya matumbawe si badala ya stendi. Huvumilia kwa kitambo, kisha hupasuka ghafla. Akina mama wana haki ya kuwaondoa watoto hapo bila kuonekana wanaingilia kazi ya wanaume. Na oili chafu isimwagwe mchangani, kwani mwamba wetu wa matumbawe una vitundu vingi, na kinachomwagwa leo huenda kikarudi katika ndoo ya kisima.

Zipo kazi ambazo fundi wa nyumbani huzimudu vyema: kubadili oili, kutia grisi, kufunga bushi na shokabzoba mpya, kusafisha beringi za magurudumu. Zipo nyingine ambazo yampasa kumwachia aliyesomea, nazo ni kuchomelea chesisi, kugeuza mfumo wa breki na kukata viungo vya usukani. Anayebadilisha injini au umbo la mwili wa gari, na aijulishe mamlaka ya usafiri, NTSA, pamoja na kampuni yake ya bima, kabla siku ya ajali haijamfunza kwamba karatasi zake zaeleza gari jingine. Ama ekzosi ya kunguruma na taa za mapambo, hizo hazimvushi mtu mtoni. Humnyima jirani usingizi baada ya Isha, na fedha zake zingetosha seti ya breki.

Sote twakijua kisa cha yule bedui aliyeelekezwa amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali. Kumfunga ngamia leo ni kuzikaza nati za magurudumu, kisha kuzikaza tena baada ya kilomita 50 za mwanzo. Mwenye kufanya hivyo, aisomapo dua ya safari na jirani zake wakiwa viti vya nyuma, atakuwa ametanguliza alichoamrishwa kukitanguliza.

Wabillahi tawfiq.