Kamera za polisi zijaribiwe kama dawa

Msomaji, kila raia anapofia mikononi mwa polisi wito huwa ule ule: askari wavishwe kamera kifuani. Huenda ikawa dawa nzuri. Lakini wewe wa Kitui au Makueni, ungemeza dawa ambayo haijajaribiwa?

Kamera inapimika. Katika mji wa Rialto, Marekani, mwaka 2012, zamu za askari ziligawanywa kwa kura: hizi na kamera, zile bila. Zamu zisizo na kamera zilitumia nguvu karibu mara mbili. Wengi wakashangilia. Kisha Washington ikajaribu kwa askari zaidi ya 2,000, na matokeo ya 2017 hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana. Utafiti wa miji kadhaa uliochapishwa 2016 ulieleza huenda ni kwa nini: askari aliyejiamulia lini awashe kamera alitumia nguvu zaidi, si kidogo.

Basi jaribio letu lisiishie Nairobi. Mtito Andei iko kwenye barabara kuu. Je, Mutha, kule Kitui Kusini, betri itachajiwa wapi na picha zitakaa kwa nani? Zamu za huko nazo zipigiwe kura. Na matokeo yahesabiwe hospitalini, wala si kituoni pekee. Majeruhi akifika hospitali ya rufaa ya Kitui au ile ya Makueni pale Wote akasema amepigwa na askari, daktari aandike maneno hayo kwenye faili, pamoja na ukubwa wa kila jeraha. Anayeandika "amejeruhiwa" tu hajatusaidia.

Mnakumbuka kifo cha Albert Ojwang, Juni 2025, akiwa kizuizini katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Polisi walidai alijigonga ukutani. Kamera zilikuwapo kituoni, lakini IPOA ikagundua zimevurugwa. Uchunguzi wa maiti ndio uliobomoa hadithi hiyo: majeraha kichwani, shingo iliyokabwa, michubuko mwilini.

Kwa hiyo ukipigwa, usingoje kamera. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana michubuko hufifia upesi. Tibiwa kwanza. Kisha itisha fomu ya P3, ambayo ni bure. Ni kweli, fomu hiyo huanzia kwenye meza ya polisi, na hapo mlalamikaji hujikuta akimwomba kalamu mwenzake yule aliyempiga. Ukikataliwa, hifadhi karatasi zako za matibabu na upeleke malalamiko IPOA.

Jambo moja lingine lisisahauliwe. Askari huingia wadini kila mara, kuandika taarifa za ajali au za mtoto aliyenajisiwa. Mama anayejifungua kitanda cha pili hakukubali kupigwa picha. Kanuni ya lini kamera izimwe hospitalini, na nani aruhusu iwashwe, iandikwe na wahudumu wa afya wakiwa mezani, kabla askari wa kwanza hajafungiwa kamera kifuani.