Posho si ujira: hesabu ya mwezeshaji wa sayansi ya wananchi Kigoma

Mwaka 2024 serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Faida ya hatua kama hiyo haiwezi kupimwa bila takwimu za mialoni: mitumbwi mingapi ilitoka, kilo ngapi za dagaa na migebuka zilishushwa, samaki walikuwa na ukubwa gani.

Kazi hiyo haifanywi na wataalamu peke yao. Mialoni wapo wanachama wa vikundi vya BMU. Katika vijiji jirani na Gombe, walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao hurekodi kwa simu janja ukataji miti na dalili za sokwe.

Lakini nani huwafundisha kujaza fomu na kutumia simu hizo? Ni wawezeshaji. Wapo walioajiriwa na halmashauri au taasisi, na wapo wa kujitegemea, wanaoitwa kwa semina ya siku mbili na kurudi nyumbani kusubiri simu nyingine. Hao ndio tunaowazungumzia.

Tofauti iko wapi?

Tangu Julai 2022, posho ya kujikimu ya mtumishi wa umma akiwa safarini ni kati ya shilingi 100,000 na 250,000 kwa siku, kulingana na ngazi yake. Fedha hiyo ni ya chakula na malazi. Mshahara wake uko palepale.

Mwezeshaji wa kujitegemea akipewa posho hiyohiyo, hana mshahara nyuma yake. Akishalipia chumba na chakula, kilichobaki ndicho ujira. Amri ya kima cha chini cha mshahara nayo inamhusu mwajiriwa. Huyu anategemea makubaliano yake tu.

Tuchukue mfano wetu wa semina ya siku mbili kijijini Kalya, wilayani Uvinza. Siku moja ya kuandaa, moja ya kwenda kwa boti, mbili za kufundisha, moja ya kurudi na moja ya kuandika ripoti. Jumla siku sita. Akilipwa 100,000 kwa siku mbili za ukumbini, ni 200,000. Ukigawa kwa sita, ni kama 33,000 kwa siku, kabla ya chumba na chakula.

Hoja ya kujitolea

Wapo wanaosema sayansi ya wananchi ni kazi ya kujitolea na bajeti ni ndogo. Mvuvi anayepima samaki wa mwalo wake anaweza kujitolea. Anayeacha shughuli zake siku sita kwenda kufundisha kijiji kingine yuko kazini. Muuza petroli wa Kibirizi haombwi kujitolea mafuta ya boti.

Gombe yenyewe inatufundisha. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka watafiti vijana wanne. Baada ya hapo, walioendelea kuandika kumbukumbu za sokwe siku hadi siku ni wasaidizi wa Kitanzania waliokuwa wameajiriwa pale. Utafiti ulioanza 1960 haukukatika.

Mwezeshaji mzoefu akiona hailipi, ataendesha bodaboda. Atakuja mwingine na maelekezo mengine, na takwimu za mwaka huu hazitalingana na za mwaka jana. Hasara itamrudia mvuvi, anayeambiwa aegeshe mtumbwi kwa sababu ya takwimu hizohizo.

Kabla ya kupanda boti

Mwezeshaji aulize mambo manne, na majibu yaandikwe: siku za maandalizi, safari na ripoti zinahesabiwa? Ujira umetenganishwa na posho na nauli? Kodi ya zuio inakatwa kiasi gani? Fedha zinalipwa tarehe ngapi?

Nao wanaoandaa miradi waweke kifungu cha ujira tangu siku ya kwanza ya kupanga bajeti. Kikiachwa hadi mwisho, kitakuwa kimeshamezwa na ukumbi, chai na mafuta.