Kabla Hujaposti Ule Mstari wa Unga

Wasee, kila mvua ikichelewa hapa Muthetheni, stetasi zinajaa 1 Wafalme 17: unga wa mjane wa Sarepta haukuisha. Amina kibao. Lakini hebu soma tena polepole. Huyo mama alikuwa amebakisha unga wa kujaza mkono mmoja tu, na Eliya akaomba apikiwe yeye kwanza. Muujiza ulikuja baada ya kugawa. Tena hakuwa Mwisraeli. Yesu alipowakumbusha hilo watu wa Nazareti, Luka 4, walitaka kumtupa kutoka mlimani!

Sisi tunapenda ahadi, ile sehemu ya kugawa tunairuka. Kesho kabla hujaposti, mwangalie jirani ambaye jiko lake halijawaka tangu jana. Mpelekee kikombe cha unga. Stetasi itangoja.