Vyuma vya Kale Visipimwe kwa Kilo

Tangu nchi yetu ilipoweka kanuni ya kuzuia magari yaliyopita umri wa miaka 8 yasiingizwe, magari ya kale ya mwendo wa kasi yaliyosalia Kenya yamekuwa kama ukoo usiozaa tena: lifapo moja halina badala. Kwa hiyo naona ni dhuluma, wala sisiti kulitumia neno hilo, mtu wa Machakos aliyerithi Datsun 240Z ya babaye kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mizani yake, ilhali gari lile lingeweza kurejeshewa uhai uani kwake, chini ya mwembe, kwa subira na zana chache.

Gari hilo si la kubezwa. Ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na ndilo alilolishindia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973, kabla hajaongeza ushindi wa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya namna nyingine. Sifa yake ilipatikana katika vumbi na matope ya barabara zetu wenyewe.

Aghalabu kinachowatisha wenye magari haya ni kabureta, kwani 240Z inazo mbili, nazo zikiacha kuafikiana, injini yake ya silinda 6 hutikisika na kukohoa, na makanika mwenye haraka hutoa shauri zing'olewe, ifungwe moja ya gari jingine. Shauri hilo silikubali hata kidogo. Ndani ya kila kabureta mna pistoni inayoinuliwa na mvuto wa hewa, na chini yake sindano iliyochongoka, ishukayo ndani ya tundu la petroli. Kadiri pistoni ipandavyo, ndivyo sindano, kwa kuwa nyembamba nchani, iachiavyo petroli zaidi. Ni hikima iliyo dhahiri kwa jicho tupu. Mwenye kuifungua juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha akaiinua sindano juani, ataona mara moja iwapo imelika upande mmoja. Na akiutikisa kwa kidole mhimili wa kilango cha hewa, ukacheza, ugonjwa amekwisha kuujua, kwamba hewa inapenya pasipo njia yake. Dawa iko kwa fundi wa kukereza, atakayelipanua tundu la mhimili na kutia bushi mpya ya shaba.

Kutu ya bodi haina siri: ikatwe hadi kwenye chuma kizima, pachomelewe bati jipya, wala isifichwe kwa puti, maana huendelea kula gizani. Breki nazitoa katika hukumu yangu. Mpira wa silinda ya breki uliokakamaa haurekebishwi, hununuliwa mpya, na asiye na hakika na kazi yake amwite fundi aliyehitimu, kwa kuwa miteremko ya vilima vya Iveti haina huruma.

Wala sisi wa Machakos hatuna udhuru wa kudai kwamba mikono yetu haijui kazi nyembamba. Wahunzi wa Ukambani walisifika zamani kwa mikufu yao myembamba, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mutisya Munge akaieneza Wamunyu sanaa ya uchongaji iliyolisha jamaa nyingi hata leo. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyokabidhiwa kaunti na Katiba ya 2010, vingefanya jambo la murua kuweka kabureta kuukuu mbele ya kila darasa la makanika, kwani kijana aliyeifahamu sindano ile amefahamu uwiano wa hewa na petroli, ambao gari la leo humfichia ndani ya kompyuta. Wenye magari nao wawakaribishe vijana hao uani siku za Jumamosi, wawape spana mkononi, na vipande vilivyolika visitupwe, bali vitiwe koponi na kuandikwa jina, maana kwa hivyo ndivyo fundi wa kukereza atakavyopimia vipya.