Msiba Una Kamati, Duka Linalokufa Halina

Akifariki mtu Kimali, kule Meatu mkoani Simiyu, hakuna anayesubiri kupewa kadi ya mwaliko. Kabla jua halijazama nzengo imeshajipanga. Akina mama wanafika na kuni, maji na unga, vijana wanakwenda kuchimba kaburi, na mzee mmoja anakaa pembeni na daftari lake anaandika nani kaleta nini. Asiyeonekana bila sababu anajulikana, na siku yake ikifika atakumbushwa. Kwingine anapigwa faini kabisa. Ndivyo Wasukuma wanavyoishi, na ndiyo maana hata familia isiyo na mbele wala nyuma inamzika mtu wake kwa heshima.

Sasa mchukulie fundi cherehani wa hapohapo. Ana cherehani mbili, moja anashona mwenyewe, nyingine anashonea kijana anayemsaidia. Riziki yake kubwa ni sare za shule. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa corona akatangazwa nchini, kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Juni 29. Miezi mitatu na ushee hakuna mtoto anayehitaji sare, na kitambaa alikuwa ameshakinunua kwa mkopo. Mkopo wenyewe ni ule wa mtaani ambao watu wameshaupa jina, kausha damu. Shule zilipofunguliwa, cherehani moja ilikuwa imeshauzwa na kijana amerudi kwao kuchunga ng'ombe.

Hakuna mzee aliyekuja na daftari. Nzengo haikukaa. Kilichokufa pale ni biashara, na biashara haina matanga.

Mafundi wa namna hiyo wako kila mji mdogo wa mkoa huu, kuanzia Mwanhuzi hadi Maswa na Bariadi. Wapo mama lishe waliokuwa wanauza maandazi getini kwa shule. Wapo walimu wa shule binafsi ambao ada zilipokata na mishahara ikakata. Wapo ma-MC, ma-DJ na watu wa mapambo, maana mikusanyiko ya burudani nayo ilipigwa stop kwa muda. Yupo na manju wa ngoma za asili, ambaye mashabiki wa Bagalu na Bagika wakikosa kukusanyika uwanjani, hakuna wa kumtuza. Wote hawa wanafahamika kwa sura na kwa majina. Watu wanawacheka kwamba "siku hizi kapotea", kumbe hajapotea popote, kafilisika.

Kuna kitu kimoja kinachofanya hasara hii isionekane. Tanzania haikufunga watu ndani. Uganda walifungiwa, na kwa sababu walifungiwa serikali yao ililazimika kuwafikiria. Mwaka 2020 iligawa unga kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu katika kaya zilizolengwa za Kampala na Wakiso, na walipofungiwa tena mwaka 2021 ikatuma shilingi 100,000 za kwao kwa kaya zilizolengwa kupitia simu. Bongo maisha yaliendelea, masoko yalikuwa wazi, misikiti na makanisa wazi, kwa hiyo ikaonekana kama hakuna aliyeumia. Lakini soko kuwa wazi si sawa na soko kuwa na wateja. Duka linaweza kuwa na mlango wazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku na bado likafa.

Na Simiyu ilipigwa mara mbili, maana mkoa huu unapumua kwa pamba. Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, ila wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri hela zao kwa sababu wanunuzi walikwama. Msimu uliofuata, corona ikiwa imeangusha bei ya pamba duniani, bei ikafunguliwa kwa shilingi 810. Mkulima akikosa hela, fundi anakosa mteja, mama lishe anakosa mteja, na bodaboda anabaki amelala juu ya pikipiki yake kijiweni. Hiyo haihitaji mchumi kuieleza.

Wapo watakaosema serikali ipo. Ni kweli ipo. TASAF inazisaidia kaya maskini kabisa, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mipango mizuri. Tatizo ni kwamba fundi wetu hakuwemo kwenye orodha ya kaya maskini, maana siku orodha inaandikwa alikuwa na cherehani mbili na alikuwa anakula vizuri tu. Mikopo ya halmashauri nayo inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, yeye yuko peke yake na umri wa ujana umeshamtupa mkono. Hayumo kwenye daftari la maskini, hayumo kwenye daftari la wenye nacho. Watu wa katikati kama huyu ndio corona iliwafyeka kimyakimya, na ndio ambao jirani tu anaweza kuwaona.

Upande wa mastaa ndiyo usiseme. Kila janga likitokea lazima aonekane mmoja anashuka kwenye gari lenye vioo vyeusi na viroba kumi vya unga na wapiga picha wanne. Bibi anapangwa mbele ya kamera, anaambiwa ashike kiroba vizuri, atabasamu, picha irudiwe. Jioni mtandao mzima umejaa sifa. Unga ule bibi ataula wiki mbili, ila picha ile itazunguka miaka. Mjukuu wake ataikuta kwenye simu ya mwenzake shuleni.

Kutoa ni jambo jema, na aliyetoa kiroba kamzidi aliyekaa kimya. Lakini kiki ina bei yake, na anayeilipa ni yule aliyeshikishwa kiroba. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wadogo wako radhi wauze hadi kitanda kuliko kupangwa kwenye mstari wa msaada. Msibani hakuna aibu hiyo. Anayepokea leo ndiye aliyetoa juzi, na kila mtu anajua zamu inazunguka.

Ipo na kovu nyingine inayofanya watu wasite kutoa: hawajui hela inaishia wapi. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 bado halijasahaulika Kanda ya Ziwa. Watu walichanga, makampuni yakachanga, wasanii wakachanga. Haukupita muda Rais akatengua uteuzi wa watumishi waliotuhumiwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Baadaye serikali ikaeleza kwamba fedha zitakwenda zaidi kwenye miundombinu ya umma kama shule na vituo vya afya, na kwamba haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Huenda uamuzi wenyewe ulikuwa na hoja. Lakini mtu aliyetoa elfu tano yake akimfikiria bibi aliyelala chini ya turubai alijiona kachezewa. Toka hapo ukimwambia changia maafa, anakuuliza kwanza akaunti ya nani.

Sasa rudi kwa yule mzee wa Kimali na daftari lake. Hajasomea uhasibu. Hana akaunti, hana ukurasa wa mtandaoni. Ila hakuna anayemtilia shaka, kwa sababu anaandika mbele ya watu, anasoma mbele ya watu, na akizidisha au akipunguza kuna watu hamsini walioona. Mchango ule ni salama kuliko michango mingi ya mjini yenye mabango na fulana. Kinachokosekana ni kumpa huyo mzee ukurasa mmoja zaidi kwenye daftari lilelile, ukurasa wa walio hai.

Hili si jambo la kuanzisha asasi wala kusubiri mfadhili. Nzengo ikikaa, iwataje watu watatu au wanne ambao biashara zao zimeanguka na kila mtu anajua ziliangushwa na nini. Wasiitwe mbele kujieleza, wala wasipigwe picha. Mtu mmoja anayeheshimika aende kwa fundi jioni amuulize kitu kimoja tu: ukipata nini unasimama tena? Mwingine atasema roba tano za kitambaa. Mwingine sufuria na mkaa wa wiki mbili, mwingine kodi ya kibanda ya miezi miwili. Apewe kitu hicho na si bahasha, na akisimama arudishe kidogokidogo bila riba ili kiende kwa anayefuata. Familia ambayo haina biashara ya kurudisha chochote, mathalani mjane aliyeachiwa watoto, hiyo isaidiwe bila deni. Mambo haya mawili yaandikwe kurasa tofauti, yasichanganywe, maana yakichanganywa ndipo ugomvi unapoanzia.

Hoja ya kwamba watu hawana hela ni ya kweli nusu. Kadi za harusi zinaendelea kuzunguka mjini Bariadi, single bei yake na double bei yake, na kamati ya harusi inajua kumfuata mtu hadi kazini mpaka amalize ahadi. Hela ya keki ya ghorofa nne inapatikana. Msibani nako vyungu vinapikwa kulisha umati siku kadhaa, na ilikuwa hivyo hata mwaka 2021, wakati wataalamu wa afya walipokuwa wanaomba mikusanyiko ipunguzwe kwa sababu ya wimbi la tatu la corona. Hakuna anayesema harusi zifutwe au marehemu wazikwe kimyakimya. Ila kamati ikipunguza mbuzi mmoja kwenye bajeti na hela yake ikaingia ukurasa wa walio hai, hakuna mgeni atakayelala njaa, na fundi mmoja atakuwa amepata roba zake.

Kuhusu wale walioko mbali, watoto wa Meatu wanaohangaika Mwanza, Dar au kwingineko, tatizo lao mwaka 2021 lilikuwa tozo ya miamala. Ilianza Julai 15, 2021 kwa makato ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kawaida ya mitandao, na kelele zilipozidi ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bado iliuma. Watu arobaini wakituma elfu mbilimbili kila mmoja kivyake, makato yanakula sehemu ya mchango wao kabla haujafika. Wakikusanya mkononi huko waliko na mmoja akatuma mara moja, au ukaenda na mtu anayesafiri, inafika ikiwa na afya. Watu wa harusi wameshaijua mbinu hii siku nyingi.

Lipo swali gumu linalobaki. Je, akipewa akala? Wapo watakaokula, huo ndio ukweli. Daftari la msiba nalo lina watu wasiorudisha, na hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba kwa sababu yao watu waache kuzikana. Nzengo ina njia zake za kumbana mjanja. Ilimbana asiyeleta kuni, itashindwaje kumbana aliyekula roba za kitambaa?

Na staa anayetaka kweli kusaidia nyumbani kwao naye ana nafasi. Aache wapiga picha Dar. Akifika amkabidhi mzee wa daftari hela mbele ya watu, jina lake liandikwe mstari mmoja kama la mtu mwingine yeyote, chini ya aliyeleta debe la mahindi na juu ya aliyeleta kuku. Hatapata likes. Ila siku akipita Kimali bila gari lile, akiwa ameishiwa kama mastaa wengi wanavyoishiwa, atakuta jina lake bado limo.

Muda wenyewe si mrefu. Msimu wa pamba ukiishia, kama mwaka 2021 wakulima walipopata walau ahueni ya bei, hela kidogo huwa ipo mikononi mwa watu. Januari shule zinafunguliwa na wazazi wataanza kutafuta sare. Fundi mwenye kitambaa Novemba atalala akishona, na pengine atamwita yule kijana wake arudi kutoka machungani. Asiye nacho atakaa mlangoni anaangalia watoto wa jirani wakipita na sare zilizoshonwa mjini. Na akija kufa kweli siku moja, nzengo nzima itafika na kuni, maji na unga, na mzee ataandika.